Mkondekonde wa nyuma ya kanisa

Kwa miaka saba niliuza miche ya mkondekonde iliyozaliwa na mama mmoja. Maelfu. Mama mwenyewe alisimama nyuma ya kanisa, hatua kama mia tatu kutoka kitaluni kwangu huku Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, na alikuwa mkarimu kupita kiasi. Msimu ukifika matunda yanadondoka, mekundu yanayoelekea zambarau, mithili ya buni iliyochelewa kuchumwa. Watoto wa jirani wanaokota kwa ndoo, nawapa chochote, kazi imekwisha. Tena mbegu za mkondekonde hazina subira. Za mgrivea unaweza kuzitia kwenye kopo ukazisahau. Za mkondekonde uzimenye, uzioshe, uzisie zikiwa bichi, la sivyo unasia maiti. Mtu mwenye mti wa karibu namna ile anapanda mlimani kutafuta nini?

Na wateja walikuwepo. Gome la mkondekonde ni dawa ya tezi dume, linatafutwa ng'ambo kiasi kwamba mwaka 1995 mti huu uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, usiuzwe nje bila kibali. Huku kwetu gome linachemshwa toka enzi za mababu, na wapo wanaouchuna mti kuuzunguka mpaka unafia wimawima. Kwa hiyo shule zilikuja, vikundi vya kina mama vilikuja, watu wa kahawa wanaotaka kivuli walikuja, miradi ya wafadhili ikaja na magari yake. Viriba vyangu vilipangwa kama askari wa gwaride, miche inalingana kimo utadhani imekatwa kwa rula. Wakaniita Mama Miche. Nilijisikia vizuri, siwafichi.

Mwaka 2013 akaja binti mmoja mtafiti kutoka Morogoro, Mluguru, akiomba vijana wawili wa kumbebea mizigo msituni. Kijana mmoja aliugua, nikaenda mwenyewe. Siku kumi na moja. Nilitegemea tutabeba mashine za kitaalamu. Alichotoa kwenye begi ni manati. Majani anayoyataka yako juu mita thelathini, arobaini, na hakuna wa kuyapanda, basi unarusha kizito chenye uzi mwembamba, uzi ukinasa tawini unavutia kamba, kamba inashusha kitawi. Anakata kipande cha jani kama stempu, anakitia kwenye mfuko wenye vile vijiwe vinavyonyonya unyevu, vilevile unavyovikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Anaandika namba. Tunahamia mti mwingine. Nikamwambia, mwanangu, hii kazi yako watoto wa Uru wangeifanya bure.

Kilichonishangaza ni kwamba akimaliza na mti mkubwa anapiga magoti, anachuma pia kwenye vichipukizi vilivyo chini yake, na hivyo anaviandika kwenye daftari lake la peke yake. Siku ya tatu nikamwuliza kwa nini hachanganyi.

"Hawa wakubwa walizaliwa msitu ukiwa mzima, mama," akasema. "Hawa wadogo wamezaliwa sisi tukiwa tayari tumeshafika na mapanga."

Siku ya kushuka akapita kitaluni. Akasimama mbele ya mkondekonde wangu, akausifu, kisha akauliza, "Mama zao ni wangapi?" Nikanyoosha kidole upande wa kanisa. Akautazama ule mti muda mrefu kidogo. "Ni mti mzuri," akasema. Watu wa Morogoro wana adabu. Ndipo nilipojua kuna kitu hakiko sawa.

Mti hauwezi kuvaa kanzu ukaenda kuposa. Unatuma mshenga: nyuki, nyigu, popo, upepo. Na kwenye msitu wa mvua mshenga ana safari, kwa sababu ekari chache tu zinaweza kuwa na miti ya aina mamia, na mwenzako wa aina yako yuko ng'ambo ya korongo mbili. Wataalamu wa zamani waliliona hilo wakafikia jibu ambalo mezani linaonekana safi. Mrusi Andrei Fedorov, mwaka 1966, aliandika kwamba miti iliyotawanyika hivyo lazima inajichavusha yenyewe, kila mti ukiwa kisiwa, na kwamba bahati tu ndiyo inayobadilisha vizazi vyake. Mwingereza Peter Ashton akambishia miaka mitatu baadaye. Kisha Kamaljit Bawa akachapisha kazi yake ya Costa Rica mwaka 1974, na huyu nampenda kwa sababu hakubishana, alikwenda kuiuliza miti yenyewe. Unafunga maua yasifikiwe na mdudu, mengine unayapaka chavua ya mti wenyewe kwa mkono, mengine ya jirani, halafu unasubiri uone lipi litashika tunda. Miti mingi ilikataa chavua yake. Mingine haikuwa hata na uwezo wa kujichavusha, maana dume ni mti mmoja na jike ni mti mwingine.

Upimaji wa vinasaba ulipokuja, kazi ikawa kama kesi za baba wa mtoto. Unachukua mbegu na mama yake. Unaondoa upande wa mama. Kinachobaki ni cha baba. Halafu unazunguka msituni kutafuta dume gani linafanana na kilichobaki.

Hapo ndipo mkuyu ulipowaaibisha watu. Ule mkuyu unaouona ukingoni mwa Mto Karanga, tunda lake ni maua yaliyojifungia ndani kama wageni waliofunga mlango. Nyigu mmoja mdogo kuliko punje ya mtama ndiye mwenye ufunguo. Anajipenyeza kwenye kitundu, mabawa yanakatikia mlangoni, anataga, anachavusha, anafia mle ndani. Wanawe wa kike wanatoka na chavua na kwenda kutafuta mkuyu mwingine, na wana chini ya saa 48 za kuishi. Mtu ukimwona utasema huyu hafiki hata ng'ambo ya barabara. Mwaka 1998 utafiti wa Panama ukaonyesha jamaa hawa wanabeba chavua kati ya kilomita 6 na 14. Mwaka 2009 ukatoka mwingine wa mikuyu ya Namibia, kando ya Mto Ugab, jamii ileile ya huku kwetu: nyigu wanapaa juu, wanadandia upepo, na chavua imefika mti ulioko kilomita 160. Kutoka Moshi, kilomita 160 umeshaivuka Arusha mbali sana. Kwa hiyo ule mkuyu wa peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha babu yako usiuonee huruma haraka. Huenda una wakwe kuliko wewe.

Na nyuki je? Karibu na Manaus, Brazili, kuna mti mrefu sana wa jamii ya kunde, Dinizia excelsa, na watu walipofyeka msitu kufuga ng'ombe waliacha mmojammoja malishoni. Mwaka 2003 watafiti walikuta miti hiyo ya malishoni inazaa vizuri tu, na baba wa mbegu yuko hadi kilomita 3.2. Wachavushaji wa asili walikuwa hawapo tena pale. Waliofanya kazi ni nyuki wa Kiafrika. Mwaka 1956 Mbrazili Warwick Kerr alichukua malkia wa nyuki Afrika Kusini na kwetu Tanganyika, mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, na wajukuu zao wakaenea bara zima wakiitwa nyuki wauaji. Sisi tunasikia tu habari za waliouma watu. Habari kwamba nyuki wenye damu ya Tanganyika ndio waposaji wa miti ya Amazon, hiyo hakuna aliyetuletea.

Niliposikia hayo yote kwa yule binti nikapata nguvu. Nikamwambia, kama nyuki wanakwenda kilomita tatu, ubaya wa mti wangu uko wapi? Si baba zao wengi?

Akacheka. Akasema tuseme baba ni wengi, ingawa kwa mkondekonde uliozungukwa na migomba na migrivea hilo nalo halina uhakika. Mti ukikosa wenzake wa kupeana chavua, mbegu zake nyingi zinatokana na wachache au zinakuwa pungufu. Lakini upande wa mama ni uleule kwa kila kiriba. Miche mia mbili umeiuzia shule moja, wameipanda pamoja. Ikikua ikachanua kwa wakati mmoja, nani atamwoa nani?

Swali hilo nililipeleka kwa baba mkwe jioni ile, na yeye hakuhitaji maelezo ya maabara. Mchagga hazoei kuoa ndani ya ukoo wake. Ukileta mchumba, wazee wanauliza kwanza ni wa ukoo gani ndipo waulize amesoma wapi. "Kwani miti yako haina wazee?" akaniuliza. Sababu yenyewe haina uchawi. Kila mzazi amebeba kasoro mbili tatu zilizolala, na zinalala kwa sababu mwenza ana nakala nzima ya kuzifunika. Ndugu kwa ndugu wanabeba kasoro ileile. Zinakutana, zinaamka. Kwenye miti utaona mbegu tupu, miche inayodumaa, au mti unaokua ukawa mzima kabisa na usione lolote, mpaka ugonjwa upite na wote uwakute na mwili mmoja.

Kuna mfano uko mbele ya macho yetu kila siku, ule mgrivea. Asili yake ni Australia, ukaletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni kwa ajili ya kivuli cha chai na kahawa, na mbegu zilizofuata zimekuwa zikiokotwa huku kwa huku, mara nyingi kwenye mti mmoja wa mpakani. Ilipojaribiwa kupandwa mbegu mpya kutoka misitu ya asili ya Australia sambamba na za huku, za huku mara nyingi ziliachwa nyuma. Na sisi tukasema ardhi imechoka.

Ukitaka kuelewa jinsi bahati peke yake inavyokula urithi, nenda makaburini. Kwenye vihamba vya huku juu utakuta Massawe, Mushi, Kimaro, Temu, Shayo, Lyimo, orodha haiishi. Sasa familia nne zishuke kuanzisha mashamba kule tambarare ya Kahe. Wanaweza kuongezeka wakajaza tarafa, majina yatabaki manne. Mmoja akipata mabinti tu, yatabaki matatu. Hakuna aliyefanya kosa. Kila kitalu kinachookota mbegu kwenye mti mmoja kinaanzisha Kahe yake, na ukipanda miti milioni kutoka mti mmoja, kwenye hesabu ya urithi umepanda familia moja yenye watu milioni. Waliochunguza vitalu vya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, walikuta hivyo hivyo: miti mama michache mno. Nilipolisikia hilo nilifarijika kwa uovu, kwamba angalau sikuwa peke yangu.

Kuna jambo jingine alilonieleza tukiota moto kambini, na hili alilisema kwa furaha ya kabila. Kwenye seli ya jani kuna urithi wa aina zaidi ya moja. Ule mkuu unatoka kwa wazazi wote wawili. Lakini lile jiko dogo la kupikia kwa jua, kloroplasti, lina vinasaba vyake lenyewe, na kwenye miti mingi ya maua vinapita kwa mama tu. "Kloroplasti ni Mluguru," akasema. Kwao ukoo ni wa mama. Kwetu kihamba ni cha baba na mwana. Kwa hiyo ukisoma kloroplasti unafuata nyayo za mbegu, nani alibebwa na ndege au kima akaangushwa wapi, na ukisoma ule urithi mwingine unaona pia safari za chavua. Hadithi mbili za msitu mmoja, na mara nyingi hazifanani, kwa sababu chavua ina miguu mirefu kuliko mbegu.

Kwa njia hiyo mkondekonde ulifuatiliwa Afrika nzima, utafiti ukatoka mwaka 2011. Mti huu unaishi milimani tu, na milima yetu ni visiwa katikati ya nyika; hakuna mkondekonde unaoweza kutembea kutoka hapa hadi Kameruni. Hata hivyo ule wa magharibi mwa Uganda ulionekana kuwa na undugu wa karibu zaidi na wa Afrika Magharibi kuliko na wa kwetu huku mashariki ya Bonde la Ufa. Maana yake zamani, hali ya hewa ilipokuwa nyingine, misitu ya milimani ilishuka ikagusana, njia ikawepo, kisha ikafungwa. Kilimanjaro yenyewe ni mtoto. Ina miaka kama milioni mbili na nusu. Milima ya Pare unayoiona ukitazama kusini-mashariki siku isiyo na ukungu ni mizee mno kuliko hiyo. Miti yetu ilihamia hapa, kama Wachagga wenyewe.

Si kila mti unaathirika sawa, na hapa ndipo hotuba za siku ya kupanda miti huniudhi, maana mti huwa ni mti tu. Mvule una dume na jike mbalimbali, chavua yake inapeperushwa na upepo, na matunda yake yanapendwa na popo wale wakubwa, ambao huko Ghana wamepimwa wakaonekana wanaweza kuangusha mbegu hadi kilomita 75 kutoka walikoila. Shuka Msitu wa Rau, karibu kabisa na mji, utazame mvule mkongwe ambao waongozaji wanasema umepita miaka 200. Huo ulitungwa mimba kabla Mjerumani hajaja, msitu wa tambarare ukiwa haujakatwa vipande. Ukipima vinasaba vyake utaambiwa hali ni nzuri, kwa sababu unapima habari za zamani. Mkukusu wa bonde moja la Kilimanjaro, uliopimwa ukafika mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, unakadiriwa kuwa na karne tano au sita. Mti wa namna hiyo unaweza kusimama unapendeza kwenye picha za watalii miaka mia mbili baada ya ukoo wake kuanza kukonda. Nilielewa lile daftari la pili.

Mseri ni habari nyingine. Ule mkafuri wetu ulikatwa sana upande huu wa kusini kwa ajili ya mbao, na ukikatwa unachipua kutoka mizizini, hiyo ndiyo njia yake kubwa ya kurudi. Unapita kwenye Nusu Maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vihamba, au juu yake unaona mashina kumi yamezunguka kisiki cha zamani, unasema, afadhali, msitu umerudi. Mashina kumi yale yanaweza kuwa mtu mmoja. Tulihesabu miti, vinasaba vinahesabu watu.

Na kule Amani, Usambara, mwaka 2003 ulitoka utafiti wa mti uitwao Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Kwenye vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba ndege wale walipungua, mbegu zikabaki chini ya mama, miche ikarundikana palepale ilipoanguka. Nilipoelezwa nilifikiria kitalu changu. Mimi nilikuwa msitu usio na ndege.

Basi nikabadilika, kwa shida. Ushauri unaotolewa ni kuokota kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyoachana walau mita 50 hadi 100, na kuchanganya mbegu kwa vipimo sawa. Rahisi kuandika. Mkondekonde hauzai kila mwaka, miti haikomai siku moja, na mbegu hazingoji. Msitu wenyewe uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, huingii na ndoo bila kibali. Nikaanza kuomba vihambani: Kibosho, Mbokomu, Kilema, hadi Marangu, kwa bodaboda na vifuko vyenye majina. Wazee wengine walikataa, wakidhani nimekuja kupima ardhi. Bibi mmoja Kilema alinipa mbegu bure na kunilisha, kisha akanitaka niahidi kwamba nitamletea mche "wa kutoka kwa mwingine", bila mimi kumweleza chochote cha vinasaba. Mwaka wa kwanza nilipata miti tisa. Mpaka leo sijawahi kufika thelathini kwa msimu mmoja. Mingi kabisa niliyowahi kupata ni ishirini na mbili.

Gharama ikapanda, na miche ikaacha kulingana. Mmoja mrefu, mwingine mfupi, huyu jani pana, yule jembamba. Mradi mmoja ukanikatalia shehena nzima, bwana wao akasema ubora umeshuka, miaka ya nyuma nilikuwa naleta miche inayofanana. Nilijaribu kumweleza. Alitazama saa.

Mwaka huu mwalimu wa shule moja ya huku juu akanipigia. "Shikamoo Mama Miche, ile mikondekonde ya 2008 imezaa!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mjukuu. Wamekaa kikao, wameamua wataniuzia mbegu, karibu na bei nzuri, hakuna haja tena ya mimi kuhangaika na bodaboda.

Nilikwenda. Miti sitini na kitu, mistari minne iliyonyooka, shina nene, kivuli ambacho watoto wanasomea mtihani. Sijawahi kupanda kitu kizuri vile. Matunda yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia kwa miti ya umri ule, nikapasua kadhaa kwa kucha, mengine yalikuwa na kokwa, mengine hayakuwa na kitu. Labda ni mvua. Mwalimu alisimama pembeni akisubiri nitaje bei.

Nikamweleza, kuanzia kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama ni lazima wakate. Nikasema hakuna wa kukata mti hata mmoja. Wiki iliyofuata nikamletea miche ishirini na mitano, kila kiriba na kibao chake: Kilema, Kibosho, Mbokomu, Marangu, mingine kutoka Siha. Watoto wakachimba mashimo katikati ya mistari, popote palipopata mwanga kidogo. Mwalimu alizunguka na kamba yake ya kupimia akijaribu kunyoosha, akashindwa.

"Sasa Mama Miche, lazima tuharibu mistari?"

"Haribu, mwalimu. Huu wa Siha weka pale katikati kabisa."